Nilimuua Samaki Nikimkomoa Wifi

Jamani, kosa ni langu, simsingizii mtu. Lakini wifi yangu alinichokoza, hilo nitalisema mpaka naingia kaburini!

Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vya minofu vimefunguliwa Mwanza, na sisi tusio na kitu tunakula mapanki, mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Tuliishi Kiseke, mimi, mume wangu na mama yake aliyepooza upande mmoja. Wifi alikuwa muuzaji kwenye duka la Mhindi mjini. Siku moja akaja na samaki mwekundu kwenye chombo cha kioo. "Wa mama huyu, awe anamtazama." Majirani walicheka. Samaki wa kutazama, sisi watu wa ziwani!

Mama mkwe alimpenda. Kila asubuhi nikishamwogesha, ananiomba nimsogezee kioo karibu na kitanda.

Sasa, siku ya ubatizo wa mtoto wa shemeji, wifi akanichamba mbele ya wageni: "Miaka sita, wifi, hata mimba ya kusingiziwa! Unatujazia choo tu." Watu wakaangua kicheko. Mume wangu akainamia sahani yake. Moyoni nikasema, utanikoma!

Wiki ileile samaki akaugua. Mapezi yamejikunja, anaelea ubavu. Wifi akaja mbio kunielekeza: maji ya bomba yalale kwenye ndoo siku nzima mpaka ile dawa ya kusafishia maji iishe, nibadilishe theluthi tu kila siku, chumvi kidogo, chakula nisimpe. Akapanda meli kwenda Nansio msibani. "Akifa, wifi, tutajuana!"

Siku mbili nilimtunza, na kweli akaanza kuogelea wima. Ndipo nikakumbuka kile kicheko. Mama alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala. Nikamwaga maji yote, nikammiminia ya bomba moja kwa moja, yananuka dawa mpaka puani. Hata saa haikuisha, akafa. Raha niliyoisikia, we acha tu!

Wifi aliporudi alilia kweli. Nikampa pole kwa sauti ya huruma, mnafiki mimi! Kugeuka, mama mkwe ananitazama. Kumbe aliniona tangu mwanzo. Hakunisemea kwa mtu. Na katika ukoo ule mzima, ni yeye tu aliyekuwa ananiita mwanangu.

Jioni nikampelekea maji ya kunywa. Akafumba mdomo.

"Weka hapo. Nitamngoja mwanangu atoke kazini."

Miaka miwili, mpaka tunamzika, hakupokea tena maji mkononi mwangu. Joto lote lile, analamba midomo, anamngoja mume wangu. Nikapiga magoti, nikalia, wapi!

Wenzangu, mtu akikuudhi, mkabili mwenyewe, mtukanane yaishe. Wifi sijamsamehe hadi leo, na wala sijifichi. Lakini kisasi changu yeye hakikumpata popote. Niliyemwacha na kiu ni mama.