Ndege wa Kisiwani Ndani ya Sashe

Mimi ni mwoga, na kazi ile ilitaka mtu asiyetetemeka. Katika maktaba ya kituo kimoja hapa Bunia, mashariki ya Kongo, kulikuwa na kitabu cha zamani cha ndege na kobe wa visiwa vya mbali, kimechorwa kwa mkono, kurasa zimekauka kama maganda ya vitunguu. Kwa kadiri tulivyojua, kopi nyingine haikuwepo. Nilipewa kazi ya kukipitisha kwenye skana ili picha zitumwe kwa kila atakayezihitaji. Nilianza mwanzoni, polepole, maana kukifungua mwishoni kwa ghafla kungevunja mgongo wake. Ukurasa ulipolia kidogo tu, niliinua mikono nikasubiri.

Mtunza maktaba, mama wa mtaa wa Nyakasanza, alinicheka. Eti nakishika kitabu kama baba anayeogesha mtoto kwa mara ya kwanza. Lakini kila asubuhi aliuliza tumefika wapi, kwa sababu alimpenda ndege mmoja wa kurasa za mwisho: mnene, mabawa mafupi, asiyeruka, na ambaye duniani hayupo tena. Huyo tulikuwa bado hatujamfikia.

Asubuhi moja ya mvua zikaja habari kwamba risasi zinalia upande wa barabara ya Mahagi. Maduka yakafungwa, pikipiki zikapita zimebeba familia nzima. Nilisahau hata kuzima skana. Mama akafanya kile kinachofanywa na kila mzazi wa Bunia siku kama hiyo, anapotia diploma na vyeti vya watoto ndani ya sashe za plastiki, moja juu ya nyingine, na kukaza kamba. Alikifunga kitabu vivyo hivyo, akakipeleka kwake, akakiweka kwenye begi la kukimbilia. Nilimshukuru sana.

Siku zile za kujifungia ndani niliwaogopea watoto wangu. Halafu nikajikuta namwogopea ndege aliyekwisha kufa, nikajikasirikia.

Mji ulipotulia, alizifungua sashe mbele yangu. Ukungu ulinuka, na ndani ya plastiki kulikuwa na matone ya maji; unyevu wa ile siku ya mvua ulikuwa umefungiwa humo. Kurasa za mwisho zilikuwa zimegandana. Mama alikaa chini.

"Nilikifunga sawa na makaratasi ya batoto yangu," alisema.

Ningemlaumu vipi? Diploma yangu mwenyewe ilikuwa nyumbani, imekazwa vilevile.

Tuliziacha kurasa zikauke kivulini, kisha nikaziachanisha kwa kisu chembamba. Ndege alichanika. Kichwa kilibaki kwenye ukurasa wake, kiwiliwili kikaenda na ukurasa wa pili, miguu ikapotea. Nilivipitisha vipande vyote kwenye skana pamoja na maelezo ya Kifaransa yaliyosalimika, na siku hiyohiyo tukavituma.

Mama aliniomba nimsomee maelezo. Nikamwambia yanasema ndege huyu hakujua woga. Watu walipomkaribia alisimama tu akiwatazama, nao wakawamaliza ndege wote wa aina yake kwa fimbo.

"Hakukuwa mutu wa kumwambia akimbie," alisema.

Kisha akazichukua zile sashe mezani, akazipangusa ndani kwa kitenge chake mpaka zikakauka kabisa, akazikunja na kuzirudisha mkobani. Sikumwuliza za nini. Hata mimi zangu nilikuwa sijazitupa.