Wingu kwenye Mikorosho

Mkufunzi wetu wa vita vya droni hapa Nachingwea huzungumza polepole, na kabla ya kila zoezi hufuta kioo cha rimoti kwa kidole gumba, hata kikiwa safi. Jana luteni mmoja aliona kiooni wingu jeupe kwenye mikorosho ya Nambambo. Akasema ni moshi wa mizinga, akabonyeza kitufe cha kushambulia. Ingekuwa vita, bomu lingeshuka. Mkufunzi hakumkaripia. Alizima kioo, akatuongoza kwa miguu mpaka pale. Tulimkuta mama mmoja akipulizia mikorosho yake salfa, dawa ya unga, nyusi zote nyeupe. Mkufunzi alivua kofia, akamwamkia, kisha akamgeukia luteni.

“Mwambie mama umemfanya nini.”

Luteni alilamba midomo, akasema, “Mama…” akailamba tena.

“Ana kiu huyu,” mama akasema, akamnyooshea dumu lake la maji.