Breki Nilizozinyamazia

Mwanangu, ipo siku moja ya gulio pale Runazi ambayo kila nikiikumbuka uso unaniwaka, hata leo na mvi zangu hizi. Keti nikusimulie, maana hata mama yako nilimficha.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Malori ya jeshi yalipita kutwa, kwa hiyo serikali ya kijiji ikakataza baiskeli kusimamishwa kando ya barabara. Mwenye baiskeli aliishia pale juu penye mteremko, akamkabidhi Mzee Bukuru, naye mzee akaipanda na kuiteremsha mpaka kwenye banda nyuma ya duka la ushirika. Mzee huyo alifika kwetu akikimbia machafuko ya Burundi, na kazi hiyo ndiyo iliyofanya watu waanze kumwita mwenzetu. Mikononi mwake haikuwahi kupotea hata kengele.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kijana, na kichwa kimenivimba. Mipira ya breki ilikuwa haipatikani dukani, na yangu ilikwisha zamani. Nilisimama kwa kukandamiza soli ya kiatu kwenye tairi la mbele. Hila hiyo niliijua mimi peke yangu. Siku hiyo pembeni alikuwapo binti mmoja niliyekuwa nikimtaka (si mama yako, usicheke), nikaona haya asikie kwamba mwalimu anaendesha baiskeli isiyo na breki. Hata shikamoo sikumpa mzee. Nilimsukumia usukani kifuani nikapita zangu.

Sikufika mbali, nikasikia kishindo. Mzee alikuwa amegonga nguzo ya banda, yuko chini na mkono umepinda. Unajua neno la kwanza lililonitoka? "Umeniharibia rimu." Naona aibu hata kulirudia.

Mwenyekiti wa kijiji akaja mbio, akaniuliza mbele ya watu kama baiskeli ilikuwa nzima.

"Nzima kabisa, Mwenyekiti," nikajibu.

Mzee aliniangalia tu. Wiki ileile wakamwondoa kazini, wakisema macho yamemwisha, ataua mtu. Akahamia kwa binti yake, kijiji cha Kaniha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilimfikisha mzee wa watu Kaniha, na mkono uliounga vibaya.

Nilikaa na jambo hilo moyoni mpaka vita vikaisha. Siku nilipomfuata nilimkuta akipalilia mihogo kwa mkono mmoja. Nikapiga goti, shikamoo ikanitoka kwa kigugumizi. Akaitika marahaba. Nikamweleza yote, naye akaegemea jembe lake.

"Mwana wanje," akasema kwa Kirundi chake, yaani mwanangu, "nilijua tangu nilipobana breki. Ningeweza kusema, lakini wewe ni mwalimu wao, mimi ni mtu wa kuja. Nikakungoja useme wewe. Kila siku ya gulio nilijiambia, leo atasema."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilirudi Runazi nikamwambia Mwenyekiti ukweli mbele ya watu, wakatuma mtu kumwita mzee arudi, naye akakataa. Majuto ni mjukuu, mwanangu, huja mwishoni.

Sasa nikwambie kilichonifanya nifungue kinywa. Juzi harusini Mwanza nilikuona ukimrushia funguo yule bwana anayeegesha magari ya wageni, simu sikioni, hata uso hukumtazama. Nilinyamaza kwa sababu nilijiona mwenyewe. Anayepokea chombo chako anapokea na hatari yake. Shuka, msalimie, mpe funguo mkononi. Gari likiwa na ugonjwa, breki zinavuta upande mmoja au mlango haufungi, mwambie kabla hajaingia, hata kama umefuatana na wakwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huenda kifo chenyewe kikawa cha mwenzako. Likitokea la kutokea, uliza kwanza hali ya mtu, bati litanyooshwa. Na kosa likiwa lako, liseme palepale, mbele ya walewale waliokuwa wakimtazama yeye.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kukiri, akuepushe na aibu ya kuzeeka nayo.