Mtoto Aliyeachwa Nyumbani Siku ya Watafiti

Saa moja kasorobo asubuhi, mwalimu wa chekechea amepanda juu ya dawati, nyundo mkononi, anang'oa rafu. Ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu kabisa ya ukuta, karibu na dari. Anaushusha, anaushikilia kwa goti, kisha anaupigilia upya chini, usawa wa kifua cha mtoto wa miaka minne.

Vitu vya kuchezea vilivyokuwa juu yake sasa viko sakafuni: matofali ya mbao, picha za kuunganisha, wanasesere watatu na mizani ndogo ya plastiki. Vina umri wa miaka mitano. Vingi bado vimo ndani ya mifuko ya nailoni vilivyonunuliwa nayo.

Msichana wa kwanza kufika anasimama mlangoni, anavitazama.

"Mwalimu, leo wageni wanakuja?"

"Hawaji. Hivi ni vyenu."

"Vyetu mpaka saa ngapi?"

Mwalimu anacheka kidogo, kisha ananigeukia, mimi mwandishi niliyemtembelea. "Umesikia?" anasema. "Swali hilo nimewafundisha mimi mwenyewe."

Ana miaka hamsini na miwili. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia chekechea. Wazazi humwita Mwalimu Kengele, kwa kuwa sauti yake huwafikia watoto kabla ya kengele ya shule. Darasa lake lina watoto arobaini na saba na mwalimu mmoja. Mikeka inatosha watoto thelathini. Waliobaki hukaa kwa zamu.

Miaka mitatu iliyopita alipokea barua ya watafiti. Walikuwa wakichunguza ubora wa elimu ya awali katika shule sitini: mwalimu huzungumzaje na watoto, watoto hucheza na nini, na wanaochelewa kusema husaidiwa vipi. Walitaka kujua ni kipi hasa humfaa mtoto anapoingia darasa la kwanza. Barua ilisisitiza jambo moja: darasa libaki kama lilivyo siku zote.

"Niliisoma mara mbili," anasema. "Lakini hebu niambie, mgeni anakuja kwako na daftari, utamwacha akute kitanda hakijatandikwa?"

Basi alitandika. Kwa wiki nzima aliwafundisha watoto wimbo wa rangi. Aliosha kuta. Alishusha vitu vya kuchezea, ambavyo watoto hawakuwa wamewahi kuvigusa.

Akabaki mtoto mmoja. Alikuwa binti wa miaka mitano, mtoto wa mama mfua nguo anayeishi mtaa wa nyuma. Kwa miezi saba hakuwa ametamka neno darasani. Alipotaka maji, aliivuta sketi ya mwalimu mara mbili.

Siku moja kabla ya watafiti kufika, Mwalimu Kengele alimwambia mama yake, "Mama, kesho mpumzishe huyu. Kuna wageni."

"Nilisema kesho tu," anaeleza. "Sikusema asirudi."

Mtoto hakurudi. Mwalimu alipopata nafasi ya kumuulizia, muhula ulikuwa umeisha.

Ukaguzi ulikwenda vizuri. Watoto waliimba rangi zote. Walipopewa matofali, waliyapakata kimya, wakisubiri kuambiwa la kufanya. Mtafiti aliweka alama kwenye fomu yake: vifaa vipo, watoto watulivu. Wageni walipoondoka, mwalimu alivirudisha vitu vya kuchezea juu ya rafu. Shule ikapewa daraja la "nzuri". Baadaye, shule kumi na mbili zenye alama za chini zililetewa mwalimu msaidizi na mafunzo.

"Nilijifunga goli mwenyewe," anasema, "halafu nikashangilia wiki nzima."

Majuto makubwa yalimpata wiki iliyopita, watafiti walipowasomea walimu matokeo. Katika shule walizozichunguza, watoto walionufaika zaidi ni wale wakimya, pale mwalimu alipokaa nao chini dakika chache kila siku, wakacheza pamoja.

"Yule dada mtafiti alikuwa anasoma," anakumbuka, "na mimi nilikuwa naisikia sketi yangu ikivutwa."

Mkutano ulipokwisha alimfuata mtafiti, akamweleza yote, akaomba fomu irekebishwe.

"Mwalimu, takwimu tulishazifunga," mtafiti alimjibu. "Nitaandika maelezo pembeni. Na Alhamisi ijayo nitakuja tena, ukikubali."

Alikubali. Kisha akaenda mtaa wa nyuma.

Mama mfua nguo alikuwa akikamua shuka. Alimwamkia kwa heshima, bila kuacha kazi.

"Mwalimu Kengele. Leo umekuja kulia kwangu?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu."

"Radhi ya nini? Ulisema una wageni. Tukaelewa kwamba sisi si wageni, wala si wenyeji."

Binti yule sasa ana miaka minane na anarudia darasa la kwanza. Nyumbani anazungumza. Shuleni, mama yake anasema, bado anajibu kwa vidole. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka minne, siku hiyo alikuwa kando ya beseni akihesabu vibanio vya nguo kwa sauti.

"Huyu anaongea kama redio," mama alisema. "Huyu ungemweka mstari wa mbele."

"Aje akae anapotaka. Na dada yake apitie kwangu kila mchana akitoka darasani. Nusu saa tu, nikae naye."

"Na wageni wakija?"

"Watamkuta."

Mama aliitundika shuka kambani, akainyoosha pande zote mbili. "Nitafikiri," alisema.

Hadi asubuhi ya leo hajaleta jibu. Darasani, mnara wa matofali umeanguka kwa kishindo na mkono wa mizani umevunjika. Mwalimu anauokota, anautia mfukoni, anaendelea kukaa mkekani. Alhamisi hakutakuwa na wimbo wa rangi.

Karibu na mlango kuna misumari ya kutundikia mifuko ya watoto. Jana ilikuwa arobaini na saba. Leo ni arobaini na minane, na mmoja hauna kitu.

"Huo ni wa mdogo, akiletwa," anasema, akitazama mlangoni. "Mkubwa naye akikubali kuja, nitapigilia mwingine. Nyundo sijairudisha."