Wanaume wa Feliksi

Mtu akikuambia Feliksi alikuwa na kiburi, mwambie Mama Shadya kasema huo ni uongo, na kama ana ubishi aje hapa jikoni kwangu tubishane. Nimeuza chai na vitumbua ubavuni mwa kibanda chake, soko la Ujiji, tangu Shadya wangu ananyonya mpaka kaolewa Tabora. Nani atanieleza mie habari za mtu yule? Alikuwa mkimya, basi. Na mtu akiwa mkimya mjini kwetu watu humtafutia jina.

Alikuwa akiuza mitumba ya kiume. Wenzake walifungua robota, wakamwaga nguo kwenye turubai, wakapanda juu yake na kupiga makelele mpaka chai yangu inaingia vumbi. Feliksi hakumwaga nguo hata siku moja. Alikaa kwenye kigoda, akatoa moja moja, akainyoosha mapajani, akaitazama weee, kisha akaiweka kando imsubiri mwenzake. Shati lingeweza kukaa wiki nzima likitafutiwa suruali. Likishaipata, analipiga pasi ya mkaa, analitundika kwenye henga, suruali chini yake, mkanda umeshapitishwa kiunoni, na viatu chini kabisa. Ukifika sokoni asubuhi unawakuta wamejipanga ukutani, wanaume watano sita, wamependeza kweli, ila hawana vichwa.

"Wanaume wako wameamkaje?" nilikuwa nikimtania. "Yule wa suruali ya kadeti ya udongo leo kama hakulala vizuri."

"Kalala, Mama Shadya. Ni kola tu imekunjamana." Na anainuka anakwenda kuinyoosha kola, wala hacheki.

Vijana wa bandarini waliopenda pamba, kuvaa wapendeze, walikuja kumcheka, wakaishia kuwa wateja. Alikuwa akiwasimamisha pale mbele ya jiko langu na kuwasomesha, mie nasikia kila neno mpaka nimelishika. Shati likiwa na drafti au maua, suruali inyamaze. Suruali ikiwa na rangi kali, shati liwe jeupe au bluu iliyopauka. Shati lenye pindo la mviringo lichomekee. Lililokatwa sawasawa liache nje, ila lisifunike mifuko ya nyuma. Mikono ikunje mara mbili, ikome chini ya kiwiko, maana ukikunja mpaka juu watu watadhani unakwenda kupigana. Suruali iguse kiatu, isikilalie. Mkanda na viatu, alikuwa akisema, hao ni ndugu wa tumbo moja, usiwavalishe rangi mbili.

Na alikuwa na sharti lake, sharti lililokuwa likinipandisha mori: hauzi shati bila suruali yake. Karani mmoja alikuja na pesa mkononi, kalipenda shati la mistari, suruali haitaki. Feliksi akatikisa kichwa. Karani akaongeza bei. Feliksi akatikisa kichwa tena, karani akaondoka anasonya.

"Ala! Weye una wazimu?" nikamwambia. "Mtu anataka shati, muuzie shati! Suruali itapata mtu mwingine."

"Na kabla hajapatikana huyo mwingine," akaniuliza, "suruali itabaki na nani?"

Nilicheka siku ile. Wallahi nilicheka mpaka nikaunguza kitumbua.

Yeye mwenyewe alivaa seti moja tu miaka nenda miaka rudi: shati la bluu lililopauka na kadeti ya kijivu, safi, zimenyooka, zinafuliwa Jumapili akitoka kanisani. Alipanga chumba kule kwetu Kasingirima, chumba kimoja, mlango unaotazama ukuta. Sikukuu za Idd tulimpelekea sahani ya pilau, akapokea kwa mikono miwili, akairudisha imeoshwa na ndani ameweka kipande cha sabuni au ndizi. Harusi ngapi mitaa ile amewavalisha bwana harusi na marafiki zake! Lakini mwaliko ukija, anapeleka zawadi asubuhi, jioni yuko chumbani kwake. Alisema harusini watu hukaa na watu wao, naye angekaa upande gani?

Aliwahi kutaka kuoa. Msichana wa mtaa wa Mwanga, mzuri, mwenye adabu zake. Wazazi wa binti wakamwambia vizuri tu, hawakuwa na ubaya, "Haya mwanetu, walete wazee wako tuzungumze." Hapo ndipo mambo yakaishia. Wazee wa kuazima wapo, mjini hapa mtu hakosi wajomba wa siku moja wanaojua kusema maneno ya posa. Mie mwenyewe nilijitolea kumtafutia. Akakataa katakata. Alisema hataki kuanza nyumba kwa ndugu wa kukodi.

Sababu niliijua siku moja ya masika, mvua imetubana wote wawili chini ya turubai langu. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe, anautazama mtaro.

Kumbe Feliksi ni mtu wa ng'ambo, Burundi, wa milima ya juu ya Nyanza-Lac. Alivuka mwaka wa sabini na mbili, mtoto bado, wakati watu wanauawa kule na waliobaki wanakimbilia ziwani. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa. Alibaki na kaka yake, Martini, aliyemzidi miaka michache tu. Martini akamburura mpaka ufukweni, akamsukuma ndani ya mtumbwi uliokuwa umejaa, mtumbwi ukaondolewa, na Martini bado yuko ziwani, maji yamemfika kiunoni.

"Akaniambia, tangulia, nakuja nyuma," Feliksi akasema. "Nami nikatangulia."

Nilimmiminia chai, naye akaishika tu mpaka ikapoa.

Miaka ya mwanzo wa elfu mbili wakimbizi walianza kurudi Burundi. Wengi walipakiwa malori kule makambini, lakini wa pwani ya ziwa wengine walijirudia wenyewe. Walipita mjini, wakashuka Kibirizi kutafuta boti za kwenda Kagunga, mpakani. Wakipita sokoni na vifurushi vyao wanamuulizia Feliksi, maana sifa zake zilishafika kambini. Kila mmoja alikuwa na swali lilelile: mtu aliyekimbia usiku na kaptura arudi amevaaje?

Feliksi aliwavalisha kwa makini kuliko bwana harusi yeyote. Aliwaambia wasirudi kama matajiri, majirani watauliza wamevitoa wapi. Wasirudi wamechakaa, ndugu watawaona mzigo. Shati la mikono mirefu lisilong'aa, kadeti ya udongo au ya kijani kibichi, raba safi au viatu vya moka visivyolia. Mtu atokee amekaa kama aliyekuwa safarini kwa heshima zake na sasa amefika. Wanashukuru, wanashuka Kibirizi, naye anabaki anawatazama migongo.

"Na weye mbona huendi?" nilimwuliza siku moja kwa hasira, maana ilikuwa inaniuma. "Unawavika wenzio wote, weye umekaa!"

"Nikienda nikakuta hakuna mtu, basi imekwisha," akasema. "Nikibaki hapa, Martini bado yuko njiani anakuja."

Ndipo akaja Bonifasi. Mtu mzima, mcheshi, mrefu wa miguu, anarudi kwao na mkewe. Akiwa anajaribu viatu akataja kilima chao, maana kule kijiji huitwa kilima, na Feliksi akaangusha pasi. Ni jirani na kilima cha akina Feliksi. Bonifasi hakumjua Martini, alikimbia tisini na tatu akitokea Bujumbura, lakini akaapa atauliza nyumba kwa nyumba.

Feliksi akasema amsubiri siku moja, atampa mzigo. Na siku hiyo nzima hakuuza. Alikuwa akitaka kumwekea seti kaka yake, na hapo fundi yule, aliyekuwa anamjua mtu kiuno kwa kumtazama akivuka barabara, akakwama. Hamjui Martini wa utu uzima. Amnenepeshe? Amkondeshe? Mwisho akasema utotoni walikuwa wanavaa kaptura moja kwa zamu, kwa hiyo ataipima kwa mwili wake mwenyewe. Akavaa shati la drafti ya kijani na nyeupe, akavaa kadeti ya kahawia, akaja kusimama mbele yangu. Jamani! Sikuwahi kujua kama Feliksi ni mwanamume mzuri. Nikamwambia, na akaona haya.

Shati lilipungukiwa kifungo cha pili kutoka kolani. Akang'oa kwenye shati lake la bluu, akashona. Rangi haikulingana, akasema haidhuru, hicho ni salamu. Bonifasi akabeba seti ile akaondoka.

Sitaki kuisimulia sana miezi iliyofuata. Masika yakaisha, kiangazi kikaingia, vumbi jekundu likatupaka wote. Kila boti ikisikika imetoka Kagunga, Feliksi anatuma mtu kuulizia. Kimya. Akaanza kukonda, ile kadeti yake ya kijivu ikamlegea kiunoni. Wanaume wake ukutani wakapungua, maana alikuwa akishika shati na kulisahau mkononi. Mie nilimlaani Bonifasi kwa majina yote ninayoyajua. Nilisema kaiuza seti ile hata hajafika Kagunga. Feliksi akazidi kuinyoosha kola ileile. Nilitamani anikaripie, angalau nisikie sauti.

Mvua za vuli zilipoanza, asubuhi moja kijana alikuwa akipita katikati ya soko anatazamatazama vibanda. Amevaa shati la drafti ya kijani na nyeupe, na chini jinzi iliyotoboka magoti.

Feliksi alimwona kabla yangu. Mtu yule asiyepaza sauti aliruka kigoda, akamfikia, akamkamata kola. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye kifungo cha pili.

"Umelitoa wapi? Nani kakuuzia shati hili bila suruali yake? Bonifasi yuko wapi? Sema!"

Soko lote likageuka. Watu wakadhani kashika mwizi. Nikaacha vitumbua vinaungua nikakimbilia pale, maana mwizi sokoni hachelewi kuuawa. Kijana hakujitoa. Alikuwa anamtazama Feliksi usoni, anamsoma.

"Hakuna aliyeniuzia," akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo. "Ni la baba. Naitwa Thobias, mwana wa Martini. Shikamoo, baba mdogo."

Feliksi aliachia kola. Mikono ikabaki hewani. Tangu nimjue, alikuwa Feliksi, au Bwana Feliksi, au yule Mha wa mitumba, na wala hakuwa Mha. Hakuna aliyewahi kumwita kwa jina la udugu.

Tulimketisha kijana, nikampa chai, akatueleza. Martini alinusurika, akajificha porini, akarudi kilimani mambo yalipotulia. Waliambiwa mtumbwi ule ulizama na wote waliokuwemo. Alimlilia mdogo wake, akampa hata mwanawe wa kwanza jina la Feliksi. Bonifasi alipofika na mzigo, alimkuta mgonjwa wa miguu, haendi mbali. Ndiyo sababu ya kuchelewa: walingoja apone aje mwenyewe, na hakupona.

"Suruali iko wapi?" Feliksi akauliza. Hilo ndilo lililomtoka!

Thobias akatabasamu. "Baba anayo. Kanipa shati, kakataa kunipa suruali. Bonifasi alimweleza sharti lako. Akasema nikwambie hivi: nilikuahidi nakuja nyuma, miguu imenishinda. Shati nimekurudishia, suruali ninayo mimi. Kama ni kweli huwa huzitenganishi, njoo."

Feliksi alilia. Alilia mbele ya soko zima, wanaume wa mitumba wakavua kofia, na mie nikalia naye wala sioni aibu kulisema.

Aliondoka kesho yake. Alimvalisha mwana wa kaka yake seti nzima kutoka ukutani, yeye akavaa shati la drafti. Kabla ya kushuka Kibirizi akasimama mbele ya jiko langu. Akaniita Mwanakombo, jina langu, ambalo tangu marehemu mume wangu afe lilikuwa halitajwi na mtu. Akasema, "Mwanakombo, nitazamie kibanda." Nikamjibu niliyozoea kumjibu, kwamba mie si mlinzi wake, aende salama, asije akanisumbua. Alipofika kona ya msikiti nikataka kumwita. Sikumwita, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni nilikwenda kufunga kibanda. Ukuta ulikuwa mtupu, wanaume wote kawatoa, kawapeleka kwa ndugu zake. Limebaki henga moja. Juu yake lilikuwa lile shati lake la bluu, limefuliwa, limepigwa pasi, kifungo cha pili hakipo. Chini yake hakuna kitu. Feliksi, ambaye hakutundika shati peke yake maisha yake yote! Ndipo nikakumbuka kuwa asubuhi ile, chini ya drafti, alivaa kadeti ya kijivu.

Nilikaa kwenye kigoda chake mpaka muadhini akaadhini magharibi.

Sasa wavuvi wanakuja, vijana wa bandarini wanakuja, wanaliona limening'inia nyuma ya jiko langu, safi, maana Jumapili nalifua. Wanataka kulinunua. Juzi mmoja alinisumbua sana, mama niuzie, mama bei yoyote, shati zuri hili unaliozesha bure.

Nikamwambia aende zake. Haliuzwi peke yake hilo, na suruali yake imesafiri.