Mkataba wa Miezi Mitatu

Dada yangu ni mkunga katika zahanati moja upande wa Mkongani. Mwaka jana alipata barua ya kazi kutoka hospitali ya Uingereza, akapewa hadi mwisho wa Desemba kujibu. Hakutaka kwenda. Lakini huku nyumbani alikuwa akifanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na kila mmoja ulipokwisha alikaa akisubiri kuitwa tena.

Ndipo kikatangazwa kikao Matuga, wananchi watoe maoni juu ya sera ya kupunguza idadi ya wauguzi na wakunga wanaohamia ng'ambo. Mimi, mwandishi wa nyumba yetu, nikaandika kurasa nne. Nikamsomea dada tukimenya muhogo. Nilikuwa nimemfananisha na mshumaa unaoungua ili wengine waone.

"Koma hapo hapo," akasema. "Mshumaa ukisha hutupwa. Mimi ni mfanyakazi. Andika nataka ajira ya kudumu."

Nikafuta kurasa tatu na nusu.

Siku ya kikao akina mama wa kliniki walijaa ukumbini, leso begani, watoto mgongoni. Afisa, kijana mgeni kutoka bara, akaeleza kwa adabu kwamba maoni ni lazima yawe ya maandishi, na fomu zimekwisha. Mwanamke mmoja mjamzito akainuka polepole, akaweka kijitabu chake cha kliniki mezani.

"Haya maandishi, bwana. Soma."

"Mama, hiki ni cha ujauzito."

"Nakijua, tumbo ni langu! Tazama sahihi. Mwezi huu, mkunga wetu. Mwezi ule, mgeni. Huu hapa, hakuna mtu, nilikuta kufuli. Mimba ni miezi tisa, mkataba wake mitatu. Huyu wangu atapokewa na nani?"

"Hata mchunga mbuzi wangu nimempa mwaka mzima!" akadakia bibi mmoja nyuma.

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha vijitabu vikaanza kuja, kimoja juu ya kingine, vingine vimelowa jasho, hadi meza ikafunikwa. Afisa akaacha kucheka. Akavuta kiti, akaanza kunakili sahihi zile, na nafasi tupu vilevile, moja baada ya moja.

Sera ilipita Desemba, ikiwa imebaki wiki moja dada awajibu Waingereza. Wakunga wa mikataba waajiriwe moja kwa moja. Anayetaka kwenda ng'ambo aende kwa muda, nafasi yake imngoje.

Nilikuwapo zahanatini barua ya dada ya ajira ya kudumu ilipofika. Aliisoma amesimama, akaisoma tena, akatia sahihi juu ya mzani wa watoto. Vigelegele vikapasuka barazani, mimi nikiwa wa kwanza kupiga.

Dada akatoa kichwa mlangoni, macho yamelowa, glavu mkononi.

"Nyamazeni nyie! Kuna mzazi ndani, na mtoto anakuja."