Siku Binti Yangu Alipoitwa Mbele

Binti yangu alianzia shule Denmark, baba yake alipokuwa akisoma huko. Katika miaka hiyo mitatu sikuwahi kuona namba kwenye ripoti yake. Mwalimu alikuwa akituita, anatandaza michoro na daftari mezani, kisha anamwuliza mtoto mwenyewe, "Wewe unaona umefanya nini vizuri?" Mtoto anajibu, tunakunywa kahawa, tunaenda nyumbani. Mimi nilisomea Kimulot, huku Kenya, nikapigiwa makofi kila muhula, kwa hivyo nilihisi tumenyimwa kitu. Siku moja nikashindwa kujizuia: "Lakini amekuwa wa ngapi?" Mwalimu akacheka kwa upole tu.

Mwaka jana tulirudi Litein, akaingia gredi ya nne. Kiswahili kilimtoa machozi. Aliyemwokoa ni msichana aliyeketi naye dawati moja, mtoto wa mchuma chai, mkimya, ambaye mtihani haukuwahi kumpenda. Kila mapumziko alimfundisha maneno kumi, akimwonyesha vitu kwa kidole.

Siku ya kufunga shule, mama yangu alifika kutoka Sotik asubuhi mapema, na shada la karatasi za kumetameta ndani ya mkoba.

"Mama, na kama haitwi mbele?" nikamwuliza.

"Ataitwa. Kama haitwi, nitamvalisha hapo hapo kwa kiti."

Uwanja ulijaa. Mabeseni, thermos na madaftari ya zawadi vilipangwa juu ya meza. Kila jina lilipotajwa, wazazi walikimbia mbele wakicheza. Moyo wangu ulikuwa unapiga kana kwamba mtihani ulikuwa wangu mwenyewe! Halafu mwalimu mkuu akasema kwenye kipaza sauti, "Aliyepanda zaidi kwa Kiswahili," akataja jina la binti yangu.

Mama aliruka. Alikuwa katikati ya uwanja, shada juu, kabla mtoto hajasimama. Lakini mtoto hakusimama. Alikuwa amemshika mwenzake mkono.

"Njoo, mtoto wangu, uchukue beseni yako," mwalimu mkuu akamwita.

Akaja, lakini akimvuta yule msichana aliyekuwa anajaribu kujificha.

"Mwalimu, mimi sikupanda peke yangu," alisema, na kipaza sauti kikabeba sauti yake mpaka barabarani. "Huyu alinifundisha. Yeye pia aitwe."

Nilidhani ataambiwa amrudishe huyo kwenye kiti. Mwalimu mkuu alitazama orodha yake, akaikunja, akaiweka chini ya beseni.

"Jina lako nani?" akamwuliza msichana. Alipolisikia, akalitaja kwa nguvu kuliko majina yote ya asubuhi ile. "Wazazi, hawa wawili muwapigie makofi ya kilo!"

Tulipiga kwa mpigo mmoja, watu wote pamoja, mpaka kofi la mwisho likalia kama mlango unaobamizwa. Mama akawavuta wasichana karibu, akawavalisha shada moja shingoni, vichwa vimegusana.

Kutoka nyuma, karibu na ua, akatokea mwanaume mmoja amevaa gambuti za mpira zenye matope. Baba wa yule msichana. Aliniambia baadaye alikuja kuchukua ripoti tu, alikuwa hajawahi kuwa na sababu ya kwenda mbele. Sasa alikuja akikimbia, mikono hewani, akicheka na kufuta macho. Mama yangu akamdaka, wakazunguka uwanja wakicheza, wasichana wakiwafuata kwa shida ndani ya shada lao.

Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ilirudi Jumatatu.